KIZAZI KILICHOSHUKA: MUNGANGA ANAFANYA NUSU, NYUMBA IFANYE NUSU INGINE



Katika ukurasa huu tunazoea kusema juu ya kofia ya kazi, mavumbi ya shimo, baruti na mashini. Leo tunaweka mbele yenu ugonjwa ambao watu wanauficha sana. Mama anamuficha bwana wake. Bwana anawaficha ndugu zake. Muzee mwanamuke anaishi nao miaka makumi mbili, anakufa nao, na hakuna mutu aliyejua. Ni ugonjwa wa kushuka kwa kizazi.

Wanganga wanaweza kuutengeneza kwa kupasua. Lakini katika jamaa nyingi watu wanafikiri kwamba siku mama anapotoka lopitali, maneno yamekwisha. Sisi tunasema hapana. Munganga anafanya nusu ya kazi, na nusu ingine inafanywa nyumbani, jikoni, kwenye bomba la maji na katika chumba cha kulala. Nyumba isipofanya nusu yake, kazi ya munganga inaweza kuharibika.

Wengine watauliza: «Maneno haya ya wamama yanaingia namna gani katika ukurasa wa usalama?» Yanaingia kwa njia tatu. Kwanza, nyumba nayo ni mahali pa kazi. Bido ya maji ya litri 20 ina uzito wa kilo 20, na hakuna kapita anayeandika mama ameinua bido ngapi kwa siku. Pili, wanawake nao ni wafanyakazi, ofisini, lopitali, shuleni na hata juu ya mashini kubwa. Tatu, mwanaume anayeacha nyumbani mugonjwa asiye na musaidizi anaingia kazini na kichwa kizito. Mukono uko kwenye kazi, akili iko nyumbani. Hatari inazaliwa pale.

NI KITU GANI KINACHOSHUKA?

Chini ya tumbo la mwanamuke kuna misuli na mishipa yenye nguvu. Inafanana na kitanda cha kamba. Juu ya kitanda hicho vinalala vitu vitatu: kibofu cha mukojo mbele, kizazi katikati, na utumbo wa mwisho nyuma. Kamba zikilegea, kile kilicholala juu yake kinashuka katika njia ya uzazi. Kwa mama mumoja ni kizazi, kwa mwingine ni kibofu, kwa mwingine ni utumbo, na kwa wengine vyote vinashuka pamoja.

Mama anasikia uzito chini, sawa vile amekalia yai. Mugongo unamuuma, zaidi saa za magaribi akiisha kazi. Mukojo unatoka bila ruhusa, ao unakataa kutoka. Choo kinakuwa kigumu. Mara ingine anagusa kitu kama nyama kimetokea inje, na anaogopa sana.

Kamba hizo zinalegezwa na nini? Na kuzaa mara nyingi, zaidi uzazi wa kukawia na wa watoto wakubwa. Na miaka, maana damu ya mwezi ikikoma nguvu ya misuli inapunguka. Na kikohozi kisichokwisha. Na kujikaza chooni kila siku. Na kuinua mizigo mizito. Huko Kamituga, katika Kivu ya Kusini, kuna wamama wanaotwanga mawe ya zahabu kutwa nzima. Kando ya mito ya Kolwezi na Likasi, wanawake wamekuwa wakisafisha na kubeba madini ya wachimbaji wadogo. Katika kambi zetu, mama anabeba maji, makala na unga, na mutoto juu ya mugongo. Mwili wa mutu si chuma. Hata chuma kinachoka.

Basi tusikie vizuri: ugonjwa huu si uchawi. Si malipo ya uzinzi. Mwanaume anayemutukana bibi yake kwa sababu kizazi kimeshuka anamutukana kwa sababu alimuzalia watoto na kumubebea maji.

KUPASULIWA NI NJIA MUMOJA KATI YA NJIA TATU

Kama kizazi kimeshuka kidogo tu, munganga anaweza kufundisha mazoezi ya kukaza misuli ya chini. Munganga mumoja wa Marekani, Arnold Kegel, aliyatangaza mwaka 1948, na hata leo yanafaa. Njia ya pili ni pete ya mupira inayowekwa ndani ya njia ya uzazi kwa kushikilia kile kinachoshuka. Inafaa kwa mama anayeogopa kisu, ao mwenye ugonjwa mwingine unaofanya kupasuliwa kuwa hatari. Pete hiyo inapaswa kuangaliwa na kusafishwa, haiwekwi na kusahauliwa.

Njia ya tatu ni kupasuliwa. Mara nyingi munganga anapita kwa njia ya uzazi yenyewe, bila kufungua tumbo. Anaweza kukaza ukuta wa mbele ao wa nyuma, anaweza kutoa kizazi, ao anaweza kukiacha na kukifunga vizuri juu. Ndiyo sababu bwana na bibi wanapaswa kusema wazi mbele ya siku ile: je, tunataka watoto wengine? Kizazi kikitolewa hakirudi. Na kama mama atazaa tena baada ya kutengenezwa, kazi inaweza kubomoka. Kwa hiyo wanganga wengi wanashauri kungoja mupaka jamaa imemaliza kuzaa, na kutumia pete kwa wakati wa kungoja.

Ulizeni pia kama munganga anataka kutia wavu ndani ya mwili. Mwezi wa Aprili 2019 serikali ya Marekani iliamuru viwanda viache kuuza nyavu zilizokuwa zikiwekwa kwa njia ya uzazi kwa ugonjwa huu, kwa sababu usalama na faida yake havikuonekana vya kutosha. Kazi nyingi zinafanywa vizuri kwa uzi tu. Kuuliza si kumukosea munganga heshima.

Katika inchi yetu kazi hii inajulikana. Lopitali ya Panzi, iliyoanzishwa Bukavu mwaka 1999 na munganga Denis Mukwege, aliyepewa tuzo ya Nobeli ya amani mwaka 2018, imetengeneza wamama wengi walioharibika sehemu za uzazi, na kati yao wale walioshuka kizazi.

MBAO MUPYA HAIPANDISHWI MUZIGO

Wewe unayefanya kazi shimoni unajua jambo hili kuliko sisi. Paa la shimo likilegea, mafundi wanatia mbao na nguzo, ao wanamwaga simenti. Je, siku ile ile munapitisha mashini nzito pale? Hapana. Munaweka alama, munafunga njia, munangoja simenti ikauke. Kapita anayelazimisha watu kupita anaitwa muuaji.

Mama aliyepasuliwa ni sawa vile. Ndani yake kuna mishono mupya. Uzi unashikilia kwa majuma machache, kisha unayeyuka, na kovu la mwili lenyewe linapaswa kuchukua kazi ya uzi. Kovu linahitaji kama miezi mitatu kwa kupata nguvu. Lakini inje hakuna kidonda kinachoonekana. Mama anatembea, anacheka, anasalimu wageni. Basi mama mukwe anasema: «Amepona, mumupe kinu.» Pale ndipo paa linaanguka mara ya pili.

Tuandike sheria waziwazi, sawa vile tunaandika sheria za mashini.

Majuma 6 ya kwanza:
– Asiinue kitu kinachopita kilo 5. Bido ndogo ya litri 5, basi. Hakuna bido kubwa, hakuna mufuko wa makala, hakuna kutwanga, hakuna kusonga bukari ya watu kumi.
– Asibebe mutoto mugongoni. Mutoto wa mwaka mumoja ana karibu kilo 9 ao 10. Mama akae kwanza, kisha mutu mwingine amuwekee mutoto magotini.
– Bwana na bibi wasikutane kimwili mupaka munganga ameangalia na kusema ni tayari.
– Asitie kitu cho chote ndani ya njia ya uzazi: wala dawa ya majani, wala unga wa kukaza, wala maji ya dawa. Kuoga inje kwa maji safi na sabuni kunatosha.
– Asilale kitandani kutwa. Kutembea polepole kila siku ni dawa, maana damu inaweza kuganda katika miguu ya mutu asiyetembea.

Choo kisiwe kigumu. Ampikieni lengalenga, sombe na maharagi, mumupe papai kama liko, na maji mengi. Akisikia choo kigumu, amwambie muuguzi mapema, asijikaze.

Kikohozi kitafutiwe dawa. Wewe baba unayevuta sigara ndani ya nyumba, toka inje. Nguo zako za kazi zenye mavumbi, usimupe azipige mbele ya uso wake. Kila kikohozi ni nyundo juu ya mushono.

Kisha, munganga akiruhusu, aanze mazoezi. Akaze misuli ya chini sawa vile anazuia mukojo na upepo, ahesabu mupaka 5, alegeze, apumzike. Afanye hivyo mara 10, na mara 3 kwa siku. Polepole afike kuhesabu 10. Hakuna mutu anayemuona. Anaweza kuyafanya akichambua mboga ao akikaa kanisani.

HATARI ZA KUKIMBILIA LOPITALI

Damu kidogo na maji-maji katika majuma ya kwanza si ajabu. Lakini mama arudi lopitali siku ile ile, hata usiku, akiona moja ya mambo haya: homa, damu nyingi, uchafu unaonuka, mukojo unaokataa kutoka, maumivu makali ya tumbo yanayozidi, muguu mumoja unaovimba na kuuma, ao kifua kinachouma na pumzi inayokatika. Usingoje mushahara. Usingoje ndugu kutoka kijiji.

KUPONA NI KUPATA MAISHA, SI KUSHONWA TU

Hapa tunafika kwenye neno lenyewe. Tunapima namna gani kama mama amepona? Zamani munganga alitazama tu kama kile kilichoshuka kimerudi pahali pake. Mwaka 2005 wanganga wa Uingereza walitangaza karatasi ya maswali ya kumuuliza mama mwenyewe. Maswali yale yanagusa maisha: Je, unaweza kufanya kazi za nyumba? Unaweza kusafiri? Unawatembelea marafiki? Mambo ya ndoa yanaendaje? Una huzuni? Unalala usingizi?

Sisi tunaona kwamba hayo ndiyo maswali mazuri. Mama anaweza kuwa na mushono mzuri sana na bado hana maisha, kwa sababu anaogopa kwenda sokoni, ao bwana wake amehamia chumba kingine. Na mwingine anaweza kubaki na kasoro ndogo, lakini anacheka, anauza maandazi yake, anaimba kwaya. Nani amepona zaidi?

Habari njema ni kwamba wengi wanapata nafuu ya kweli. Huko Gondar, Etiopia, wanganga waliwafuata wamama kwa miezi 6 baada ya kupasuliwa, na mwaka 2021 wakatangaza walichoona. Maisha ya wamama yalikuwa yamekuwa mazuri kuliko mbele, na huzuni yao ilikuwa imepunguka. Hao hawakuwa wamama wa ofisi na gari. Walikuwa wanawake wa Afrika wanaojua kuni na maji kama wetu.

Lakini tusidanganyane. Ugonjwa unaweza kurudi. Uchunguzi wa Oregon, Marekani, uliotangazwa mwaka 1997, ulionyesha kwamba kati ya wanawake 100 waliopasuliwa kwa kizazi kushuka ao kwa kuvuja mukojo, karibu 29 walikuwa wamekwisha kupasuliwa kwa ugonjwa huo mbele. Kama ni hivyo kule ambako maji yanatoka katika ukuta wa jiko, itakuwa namna gani huku mama akirudishiwa bido kubwa katika juma la pili?

Jambo lingine: mama fulani hakuwa anavuja mukojo, na akiisha kupasuliwa anaanza kuvuja. Anafikiri munganga amemuharibu, anakaa kimya. Mara nyingi sababu ni hii: kile kilichoshuka kilikuwa kimekunja mupira wa mukojo, kama mupira wa maji uliokunjwa. Umenyoshwa, na ulegevu wa zamani umeonekana. Kuna mazoezi na kuna matengenezo. Arudi aseme. Vilevile kama kukutana na bwana kunamuuma, aseme. Maumivu yanayofichwa hayapati dawa.

WEWE BWANA, NENO LAKO

Tunasikia wanaume wakisema: «Mwanamuke aliyetolewa kizazi ni baridi. Si mwanamuke tena.» Maneno haya ni uongo. Kizazi ni nyumba ya mutoto. Hamu ya mwanamuke haikai mule. Kizazi kikitolewa, damu ya mwezi inakoma na mimba haiwezekani, lakini mwanamuke anabaki mwanamuke. Tena wamama wengi wanaona raha ya ndoa inarudi, kwa sababu uzito, aibu na woga vimeondoka.

Wengine wanasema: «Nikichota maji, watu wa kambi watanicheka.» Wacheke. Shimoni unabeba chuma, na hakuna anayesema chuma ni kazi ya wanawake. Kwa nini maji yawe aibu? Tena fanya hesabu. Majuma 6 ni siku 42. Siku 42 za kubeba maji, wewe na watoto wako wanaume, ni kidogo kuliko safari ya pili ya lopitali, franga za pili, na maumivu ya pili ya mama. Kama unafanya zamu ya usiku, pangeni mapema: kijana wa kwanza asubuhi, dada ya mama saa za muchana, wewe magaribi. Andikeni mupango ule juu ya karatasi na kuubandika katika ukuta, kama kule kazini.

Na majuma yale ya kungoja yasiwe sababu ya kutafuta mwanamuke mwingine. Wewe ulipoanguka kazini na kulala na muguu katika plasta, nani alikuosha?

Wewe mama mukwe, wewe shemeji, musaada wenu ni mukono, si maneno. Usiulize: «Atalala mupaka lini?» Uliza: «Kinu kiko wapi?»

TUNALOOMBA KWA KAMPANI

Kazini, mutu aliyevunjika mukono anapewa karatasi ya kazi nyepesi. Tunaona ni haki mwanamuke mufanyakazi aliyepasuliwa kizazi apate karatasi kama ile, bila kuandikwa jina la ugonjwa mbele ya ekipe yote. Kapita anahitaji kujua jambo moja tu: asiinue.

Tunaona pia ni vema dispanseri za kambi ziwaite wamama hawa baada ya majuma 6, kisha baada ya miezi 6, kisha kila mwaka, na kuwauliza yale maswali ya maisha, si kutazama mushono tu. Muuguzi akifika nyumbani mara moja, ataona bido kubwa iko wapi na nani anaibeba. Bomba la maji likisogezwa karibu na nyumba, linaweza kuokoa mishono mingi kuliko dawa.

Na wewe mama unayesoma, ao unayesomewa na mutoto wako: kama unasikia uzito ule, nenda dispanseri juma hili. Sema wazi: «Kizazi changu kinashuka.» Muuguzi amesikia neno hilo mara nyingi. Hatacheka.

Usalama ni kwanza shimoni. Usalama uwe kwanza nyumbani pia.